Darasa la jujitsu Sinza: mwereka safi, somo la kisu walitoe

Mimi ni baunsa, nasimama mlangoni usiku, kwa hiyo nilikwenda pale na swali moja: mlevi wa kilo 100 namshushaje chini bila kumpasua kichwa, na bila mimi kulala kituoni? Darasa liko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, bango hakuna. Ada ni 60,000 kwa mwezi. Kimono, yaani vazi la mazoezi, cha kuazima kipo ila kinanuka, nunua chako.

Kilichonibakiza ni jinsi walivyounganisha mambo. Mwalimu hafundishi mwereka leo na kabali mwezi ujao. Mtu kakukaba ukosi: unamvuta mpaka uzito wote umwangukie mguu mmoja, unampiga ngwala ile Wajapani wanayoiita osoto-gari, na mkono wake huuachii. Anapotua, goti lako liko ubavuni mwake na kiwiko chake kimeshanyooka. Mkizoea taratibu, mwenzako anaanza kukukatalia kwa nguvu zake zote, na hapo ndipo unajijua. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo kutokana na jujitsu 1882, aliziweka kando mbinu za hatari kwenye pambano la mazoezi ili watu wakabane kwelikweli bila kulemazana. Darasa hili linafuata njia hiyo, tena linaruhusu kukamata miguu, jambo ambalo mashindano ya kimataifa ya judo yalianza kulibana 2010.

Sasa, ngwala hiyo kwenye tatami, yale magodoro ya mazoezi, raha. Kwenye sakafu ya saruji mtu anatua na kisogo, na hiyo ni kesi. Nilimuuliza mwalimu, akanionyesha kuendelea kuuvuta juu mkono wa shati ili jamaa aangukie ubavu. Jibu zuri, ila wateja wangu huvaa fulana, na fulana ukiivuta inabaki mkononi. Mazoezi bila kimono, ya kupita chini ya kwapa na kufunga kiuno, yana jioni moja tu kwa wiki. Waongeze.

Kabali ya nyuma wanaifundisha kwa uangalifu: inabana mishipa ya damu pande zote mbili za shingo, koromeo linaachwa, na mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde kumi hivi. Mwenzako akikugonga kwa kiganja, yaani amesalimu amri, unaachia papo hapo. Kazini siitumii. Mlevi hana akili ya kugonga. Ninachokitumia ni kumlalia kifuani kwa ubavu, kichwa chake nimekikumbatia, mpaka wenzangu wafike. Kwenye judo sekunde 20 za kumshikilia hivyo ni ushindi. Mlangoni ndio kwanza anaanza kukutukania ukoo.

Tatizo ni Jumamosi, somo la kisu. Kisu cha plastiki, mshambuliaji anachoma mara moja halafu anaganda kama sanamu, akisubiri umkunje kiganja. Mwenye kisu wa kweli anachoma na kurudisha, anachoma na kurudisha, na mkono wake wa pili haukai bure. Nilipoomba tufanye kwa kukataliana kama siku nyingine, nikaambiwa hili somo halifanywi hivyo. Basi ni maonyesho, na kijana anayeyaamini atakuja kuumia.

Nyota nne kati ya tano. Jumatatu na Jumatano usikose, Jumamosi lala.