Uzoefu wangu: kupeleka ombi la maegesho na njia serikali ya mtaa, Mtwara mjini

Natoa maksi kabisa ili asiye na muda asome aende zake. Ofisi ya mtaa naipa nne kwa tano, ofisi moja ya ngazi ya kati naipa mbili, na hiyo mbili ni kwa ajili ya dada wa masijala, pale barua zinapopokelewa na kutunzwa, peke yake maana bila yeye ingekuwa sifuri.

Mtaa wetu uko karibu na maghala, jina naliacha maana tunajuana sana humu. Wenyeji mnajua msimu wa korosho ukiingia, kuanzia Oktoba mpaka Januari hivi, mji unakuwaje. Mzigo unatoka Masasi, Newala, Tandahimba, wote unateremka huku, halafu changanya na malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanayoenda bandarini, basi semi, yale malori marefu ya tela, zinatafuta pa kulala na pa kulala penyewe ni mlangoni kwako. Dereva akiona foleni ya kushusha ni ndefu anakata kona anaingia mtaani, anapaki, tandiboi, yaani msaidizi wake, anatandika mkeka chini ya tela, mkaa unawashwa, ugali unasongwa pale pale. Wao siwachukii, ni watafutaji kama sisi, ila njia ndo inakuwa imekufa.

Na mtaa wenyewe unawaita. Mtwara hii ilipangwa na Mwingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, mambo ya mpango wao wa mashamba makubwa ya karanga, bandari na reli ya kwenda Nachingwea vyote vya enzi hizo, karanga zikafeli na reli ikang'olewa lakini mitaa mipana ikabaki. Dereva wa semi aliyezoea vichochoro vya Dar akiona mtaa wetu anajua kabisa hapa nimepata paki ya bure.

Sasa shida ilikuwa hivi. Gari la taka lilikuwa haliingii, linapiga honi kule barabara kubwa unakimbia na kiroba chako ukichelewa imekula kwako. Bajaji hazipiti. Kuna bibi jirani yangu anatembelea fimbo na ana kliniki ya sukari, alikuwa anashushiwa kona halafu atembee mwenyewe mchangani apite ubavuni mwa tela, na pale kati ya tairi na mtaro nafasi iliyobaki ni ya mtu kupita kiubavu tu, huku ameshika tairi kwa mkono asiangukie mtaroni. Mimi nilimwona siku hiyo kanga yake imepakaa grisi yote ubavu mmoja ndo nikasema sasa basi.

Kabla ya hapo tulikuwa tunalalamika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Picha za malori asubuhi, picha za malori jioni, voisi za dakika tano tano, mtu anauliza kwani mwenyekiti hayumo humu, mwingine anatuma tangazo la samaki wabichi katikati ya ugomvi. Mwenyekiti, huyu aliyeingia kwenye uchaguzi wa Novemba 2024, kila siku jibu lake lilikuwa moja tu, "ndugu zangu leteni barua". Watu wakamtukana kwamba ni urasimu, ila mi nasema alikuwa sahihi, picha ya WhatsApp haina wa kuijibu, barua ikishagongwa muhuri wa kupokelewa kuna mtu anadaiwa majibu.

Kuna wengine hawakusubiri barua wala nini. Waliweka magogo ya mkorosho na matairi ya zamani kwenye mdomo wa mtaa. Usiku umeme umekatika kijana wa bajaji akayavaa, rimu ikapinda, ugomvi wake ulikuwa mkubwa kuliko wa malori. Mtendaji wa mtaa alivyokuja alisema waziwazi kwamba njia ni ya umma, ukiweka kizuizi chako na mtu akaumia wewe ndo utaulizwa. Hata matuta yale ya kujichimbia kwa jembe nayo hivyo hivyo, msichimbe.

Haya, ofisi yenyewe. Chumba kimoja, benchi nje chini ya mwembe, ratiba ya zamu imebandikwa mlangoni na mara nyingi inafuatwa. Mtendaji wetu ni dada wa makamo, mkali kidogo lakini anasikiliza mpaka mwisho, unaingia unamwamkia unakaa, hakukimbizi. Tulienda na mjumbe wetu na baba mmoja mstaafu anayejua kuandika barua za serikali. Tumemaliza kueleza yote dada akauliza swali moja ambalo hakuna aliyelitegemea: "Hiyo barabara ni ya nani?"

Tukabaki tunaangaliana. Mi nilijua barabara ni ya serikali, imeisha. Kumbe hapo ndo maombi mengi yanapofia. Akatueleza vizuri tu kwamba zile kubwa za kuunganisha mikoa na zile za mkoa ziko TANROADS, wakala wa barabara kuu, hizi za mitaani na vijijini ziko TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, toka ilipoanza 2017, kabla ya hapo zilikuwa za halmashauri ndo maana wazee mpaka leo wanakimbilia manispaa. Gari likiegeshwa vibaya likaziba njia hilo ni la trafiki. Kichochoro kati ya kiwanja na kiwanja, mtu kasogeza ukuta au kajenga kibanda, hilo ni la ardhi na mipango miji, lazima ramani iangaliwe. Taka ni manispaa. Sasa sisi tulikuwa na barua moja ndeeefu ina vyote hivyo, imeelekezwa kwa "wahusika wote", dada akaisoma akacheka akasema hii mkiipeleka kila mhusika atasema mhusika ni mwenzake.

Akatuambia tuikate. Moja ya trafiki kuomba wapite jioni muda ambao malori yanaingia. Moja ya watu wa barabara kuomba kibao cha kuzuia malori makubwa na tuta moja. Na ya tatu ndo sisi hatukuiwaza kabisa, ya mwenye ghala lililo jirani, kwa sababu malori yanamfuata yeye. Yule mzee mstaafu akakaa pale pale benchini akaandika kwa mkono, YAH kwa herufi kubwa na mstari chini, "husika na kichwa cha habari hapo juu", sehemu ya KUPITIA imejaa ngazi zote, mpaka raha kuisoma. Kila barua ina ombi moja, mtaa na nguzo ya umeme ya karibu imetajwa ili mtu asiyejua aje aone, saa ambazo njia inaziba, na majina ya wakazi na sahihi nyuma. Muhuri tulipigiwa bila kudaiwa hata mia, hilo naliweka wazi maana kuna watu wanasema kila muhuri una bei yake. Kwetu haukuwa na bei.

Sasa uchungu. Barua ya watu wa barabara ilitakiwa kupitia ofisi moja hapo kati, jina silitaji, na ililala huko. Ukienda unaambiwa mkubwa yuko kikaoni, ukirudi yuko safarini, ukirudi tena eti barua haionekani, leteni nyingine. Hapo ndo nilipomshukuru mstaafu wetu maana alitulazimisha tubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Yule dada wa masijala akaiangalia nakala, akafungua kitabu cha dispachi, akafuata mstari kwa kidole, akasema ilitoka hapa ikaenda meza ile pale. Akaenda mwenyewe akairudisha, ilikuwa chini ya makabrasha ya mtu aliyehamishwa. Hakuomba kitu, hakununa. Ila jamani ofisi nzima kutegemea kidole cha mtu mmoja, siku akiwa likizo inakuwaje? Na hakuna hata anayekupigia simu kukwambia barua imefika au imekataliwa, namba za simu tuliandika tatu.

Iliyotangulia kuleta matunda ni ile ya ghala, tuliyoidharau. Mwenyekiti alimwita msimamizi wao, wakakaa na wakazi wachache, hamna aliyefoka, ikaonekana wana uwanja wa nyuma umejaa mapaleti mabovu na magunia. Wakausafisha. Malori yanaingia humo na dereva anapewa namba ya foleni getini kwa hiyo hana sababu ya kuja kulala mtaani kulinda nafasi yake. Hayajaisha yote, usiku yanabaki mawili matatu yale ya makampuni mengine, lakini bajaji inapita na gari la taka linaingia mpaka ndani. Trafiki nao walipita jioni kadhaa, baadae wakapungua, nadhani mji ni mkubwa na wao ni wachache.

Kibao kimewekwa. Kirefu, cheupe, kizuri, na wiki ile ile mtu akabandika tangazo la mganga juu yake. Tumeshalibandua.

Huduma nyingine ya ofisi hiyo hiyo ambayo lazima niisifie ni vibali vya turubai. Huku kwetu hela ya korosho ikitoka harusi zinapangana, na likizo ya Desemba ni kutoa wali, wale watoto wa jando na unyago, ngoma juu ya ngoma, kila mtu anataka kufunga barabara mlangoni kwake. Zamani ulikuwa unarudi kutoka kazini unakuta turubai limekatiza njia nzima na viti mpaka kwenye geti lako. Sasa hivi lazima uombe kabla, majirani wa pande zote waambiwe, na turubai likae upande mmoja ili gari moja lipite hasa gari la mgonjwa, na wakigongana wawili siku moja mtendaji anawakalisha wakubaliane nani aanze. Msiba hauombewi foleni, huo unatoa taarifa tu na kila mtu anaelewa. Mziki wa usiku hapo bado kuna kazi, kibali kinasema saa fulani na spika zinasema lingine.

Wengine kwenye mkutano wa mtaa waliogopa kwamba tukianza kuongelea maegesho tutaletewa ushuru wa paki kama kule sokoni, ule wa control namba, namba ya malipo ya serikali, kwenye simu. Mwenyekiti alilijibu, ombi letu ni la kufungua njia na halihusiani na ushuru. Ila mi niliona watu kama kumi hivi hawakusaini kwa sababu ya hofu hiyo tu, kwa hiyo mkienda kukusanya sahihi lielezeni hilo kabla ya kutoa karatasi.

Kilichobaki ni tuta. Watu wa barabara walikuja kupima, wakasema sehemu inafaa lakini hela haipo mwaka huu wa fedha, litaingizwa kwenye mapendekezo ya mwaka unaofuata. Mwaka wa fedha unaanza Julai lakini mahesabu yake yanapangwa miezi mingi kabla, ukipeleka ombi Mei au Juni unaambiwa subiri mwaka mwingine tena. Kwa hiyo mwenye ombi la tuta, kalavati au taa apeleke mapema, hata huu msimu wa korosho ukiwa haujaisha, nakala yake yenye muhuri akaifungie kabatini.