Vepu yenyewe sina neno nayo, ila tundu lake la chaji limenidhalilisha

Jamani naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Mambo ya wati ngapi na betri kubwa kiasi gani mtayakuta kwenye boksi, mimi nimekuja kwa ajili ya tundu la chaji tu. Hilohilo moja.

Nikiri kwanza, wiki za mwanzo niliipenda hii vepu (sigara ya umeme) vibaya sana. Ndiyo iliyonitoa kwenye sigara za kiberiti (najua, nikotini ni nikotini na hii nayo inakukamata, msianze kunihubiria), nyumbani usiku naichomeka kwenye chaja yangu ya zamani, asubuhi imejaa, maisha yanaenda. Ungeniuliza kipindi kile ningekupa nyota tano na ya sita ningekopa.

Sasa hivi karibuni nikapata safari ya basi, zile za kulala njiani. Nikajipanga kama mtu anayehama, pawabenki imejaa pomoni, waya mpya kabisa wa taipu-si (kile kichwa kidogo cha kisasa) huku na huku, ule mnene wa kusukwa, kila kitu kwenye kimfuko chake. Usiku katikati vepu ikaanza kukonyeza taa nyekundu, nikasema hamna shida, tukisimama kuchimba dawa nitavuta mbili tatu kwa raha zangu, nikatoa mitambo nikachomeka. Kimya. Nikageuza waya, kimya. Nikageuza tena kama vile kuna upande wa tatu. Nikamulika tundu kwa tochi ya simu nikaona uchafu, nikaanza kuchokonoa na kijiti cha meno (cha mti jamani, msije mkaingiza pini ya chuma kwenye kitu chenye betri ya lithiamu), ukatoka uzi wa mfukoni umegandana na yale majimaji ya vepu, unanukia embe kabisa. Nikasema ahaa, mchawi nimemkamata. Nikachomeka.

Kimya.

Na kinachouma ni kwamba waya huohuo na pawabenki hiyohiyo nikiweka simu inachaji fasta, mpaka naona kama nakejeliwa. Mama mmoja niliyekaa naye siti moja alikuwa ananiangalia muda wote navyohangaika, mwisho akaniuliza kwa huruma, "Mwanangu, hiyo ni dawa ya pumu?" Nikamwambia hapana mama. Hakuuliza tena, ila mkoba wake aliuhamishia upande wa dirisha.

Tuliposimama nikaomba sigara kwa mtu nisiyemjua. Miezi yote ile niliyojitahidi ikaishia pale nyuma ya basi, nakohoa kama mzee, vepu iko mfukoni imekufa na pawabenki iko begani imeshiba. Hapo ndo nilipoapa lazima niandike.

Kulipokucha nikawatumia meseji walioniuzia. Nikaeleza vizuri kabisa, na heshima juu, na picha nimeweka. Jamaa anajibu, "Bosi hakikisha umechomeka." Nimechomeka! Nikamwambia kaka nimejaribu kila kitu, simu inachaji vepu haichaji. Akakaa karibu siku nzima ndo akaniletea hii, naandika kama ilivyo: "Kifaa hakina shida bosi, shida ni mtumiaji." Na vikatuni vitatu vya kucheka mpaka machozi. Vitatu! Kimoja kingetosha kunitukana. Mpaka leo nikikumbuka vile vikatuni nahisi joto la masikio.

Aliyenifumbua macho ni rafiki yangu anayechokonoachokonoa vitu vya umeme. Wala hakuifungua, kaangalia waya tu akaniuliza nyumbani natumia waya gani. Nikamwambia ule wa kizamani, upande mmoja kichwa kikubwa cha yuesibii, upande mwingine taipu-si. Akacheka (yeye namruhusu). Anasema tundu la kizamani la pawabenki ni mlango ulioachwa wazi, umeme wa volti 5 unatoka tu, anayekuja anachukua. Ila tundu la taipu-si halitoi kitu mpaka lipigiwe hodi, na hodi yenyewe inapigwa na virizista (vidude vya kubana umeme) viwili vidogo vya kilo-omu 5.1 ndani ya kifaa. Hivyo vidude bei yake ni kama bure. Waliotengeneza hii vepu hawakuviweka. Kwa hiyo ukitumia waya wa taipu-si huku na huku, vepu inasimama mlangoni kama bubu, na pawabenki inajua hakuna mtu. Betri nzima, waya mzima, wamebania tu vitu viwili ukubwa wa punje ya mchanga.

Akachomeka ule waya wa kizamani kwenye pawabenki yangu hiyohiyo. Taa ikawaka. Nilitaka kulia, halafu nikataka kupigana, sijui kipi kilitangulia.

Sasa ngoja niwe mkweli maana nishaanza kujishtukia. Nilirudi kutafuta kile kikaratasi cha maelekezo, kilikuwa kimekunjwa mara nane chini kabisa ya boksi, na kweli kuna mstari, herufi kama mayai ya chawa, unasema tumia waya wenye kichwa kikubwa upande mmoja. Kwa hiyo waliandika. Kwa hiyo yule jamaa wa vikatuni kidogo, kidogo sana, alikuwa na pointi. Lakini si angesema tu "kaka badilisha waya"? Maneno matatu, mbona vikatuni vilikuwa vitatu na akavipata?

Kwa wasafiri wenzangu, waya mfupi wa kizamani sasa nimeufunga na vepu kwa mpira wa kufungia noti, haviachani. Na pawabenki nyingine mkae macho, vepu inavuta umeme kidogo sana hasa ikikaribia kujaa, pawabenki inaona kama hakuna kazi inajizima, inabidi uiamshe kwa kubonyeza. Wa ndege ndo kabisa, vepu unapanda nayo mwenyewe, haiwekwi kwenye begi linaloenda chini, na humo ndani huruhusiwi kuichaji hata uwe na waya wa dhahabu, kwa hiyo ijaze kabla.

Basi, nyota. Nilikuja kutoa moja. Nikifikiria kwamba nikiijaza inanibeba siku mbili, haivuji sana, na ladha safi mpaka tone la mwisho, roho inaniambia tatu, hata nne nikiwa nimekula nikashiba. Nikaweka tatu. Ila kabla sijatuma nikasema ngoja nijaribu tena ule waya wangu mnene wa kusukwa, labda siku ile nilikosea, labda ni kweli shida ni mtumiaji. Nimechomeka sasa hivi, nimesubiri, nimegeuza.

Kimya. Narudisha moja.