Mashine ya mkono ya kukatia tailizi: uzoefu wangu kwenye bafu la mita 1.6 kwa 2.2

Kama bafu lako ni dogo na maji yanamwagika sakafu nzima, mashine ya mkono inatosha kwa karibu kazi yote ya kukata, mradi usikubali kuuziwa tailizi kubwa. Hilo la pili nalisisitiza kwa sababu karibu kila duka nililoingia Kariakoo muuzaji alinivuta kwenye za sentimita 60 kwa 60. "Dada, hii ndiyo inayotoka sasa hivi. 30 kwa 30 za zamani hizo." Za zamani, sawa. Ila bafu letu si la hoteli lenye kioo cha kutenga sehemu ya kuogea. Tunaoga kwa ndoo na kopo, maji yanaruka mpaka mlangoni, na yote yanatakiwa yarudi kwenye tundu moja.

Maji hayarudi yenyewe. Sakafu inahitaji mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na tundu letu halipo ukutani, liko ndani kidogo, kwa hiyo sakafu inashuka kulielekea kutoka pande zote nne. Tailizi haipindi. Ukilaza ya sentimita 60 mahali panaposhuka pande mbili kwa wakati mmoja, kona moja itabaki hewani au itajitokeza juu, na maji yatatuama nyuma yake. Fundi mzuri huikata pembe hadi pembe, kama mikunjo ya bahasha, ili kila kipande kishuke upande wake. Inapendeza ikitoka vizuri, lakini hiyo ni kazi nyingi ya kukata kwa mtu anayejifanyia mwenyewe. 30 kwa 30 zinaufuata mteremko bila purukushani, na mistari ya grauti (ile saruji laini ya kujazia nafasi kati ya tailizi) ikiwa mingi mguu unapata pa kushika.

Kuhusu kuteleza, usiamini macho. Nilimwomba muuzaji maji ya chupa, nikamwaga juu ya tailizi pale pale dukani, nikavua kiatu nikakanyaga. Alicheka, lakini baada ya hapo hakunionyesha tena zile zinazong'aa. Baadhi ya maboksi yana alama ya R ikifuatiwa na namba, kuanzia R9 hadi R13, namba ikipanda utelezi unapungua. Kipimo hicho hufanywa na mtu aliyevaa viatu kwenye ubao ulioinamishwa na kupakwa mafuta. Kipo kingine cha herufi A, B na C, ambacho ni cha miguu mitupu na maji ya sabuni, na hicho ndicho kinachofanana na bafuni. Ukikikuta kwenye boksi, chukua B au C. Usipokikuta, chupa ya maji inakutosha.

Jambo la pili la kukagua ni mgongo. Dondoshea maji upande wa nyuma: yakinyonywa upesi, hiyo ni seramiki ya kawaida; yakikaa juu, ni porselini, ambayo kwa viwango vya kimataifa hainyonyi zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Wengi watakwambia porselini ndiyo bora, na kwa uimara sibishi. Kwa bafu la nyumbani lisilopitwa na viatu vya watu mia, seramiki ya sakafuni yenye uso usiong'aa inafaa kabisa, na inakatika kirahisi zaidi. Nyingine siku hizi zinatengenezwa hapa hapa mkoa wa Pwani, Chalinze na Mkuranga, kwa hiyo ukipungukiwa si lazima usubiri kontena. Usichukue tu za ukutani: ni nyepesi, na uso wake haukutengenezewa kukanyagwa.

Kabla ya kulipa, kutanisha mbili uso kwa uso. Zikichezacheza, zimepinda. Soma pia kila boksi namba ya rangi na ya kipimo halisi, zilingane zote. Boksi mbili za jina moja zinaweza kutofautiana weupe kidogo, na dukani hutauona.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: mita za mraba 3.52, kila tailizi mita za mraba 0.09, hivyo kama 39 hivi, ongeza asilimia kumi ya kuvunjika, 43. Boksi lina 17, nikachukua matatu. Zilizobaki zimehifadhiwa uvunguni, maana ukija kubadilisha bomba mwakani hutaipata rangi hiyo tena.

Sasa mashine yenyewe. Ni ya Kichina, ya sentimita 60, ina reli mbili, kitako chenye mpira, na mkono unaobeba kigurudumu cha kabaidi (metali ngumu sana) na kipande cha kubonyezea. Dukani fanya jambo moja tu: shika ule mkono uutikise kushoto na kulia. Ukicheza kwenye reli, rudisha, hata kama rangi yake inavutia. Nilitikisa kadhaa kabla ya kupata iliyokaza.

Kazi yake hasa si kukata. Inakwaruza uso wa tailizi, kisha ukibonyeza, ufa unaufuata mkwaruzo. Ukilielewa hilo, mengine yanakaa sawa. Pitisha kigurudumu mara moja, kwa nguvu ileile kutoka ukingo hadi ukingo, na usikilize: mlio uwe mmoja, mkavu, usiokatika. Ukirudia mstari unatengeneza njia mbili, na ufa utachagua unayoitaka wenyewe. Halafu bonyeza karibu na ukingo, taratibu. Kwenye seramiki ya 30 inatoa "tak" na vipande viwili vinalala vizuri kulia na kushoto. Raha yake siwezi kuieleza kwa asiyewahi.

Udhaifu upo. Rula iliyochapwa kwenye kitako haiaminiki, pima kwa futi yako na uweke alama kwa penseli. Vumbi la tailizi linaingia kwenye reli, kwa hiyo futa kila baada ya vipande vichache na utie tone la mafuta ya cherehani. Kipande chembamba chini ya sentimita tatu hivi hakikatiki vizuri, kinamegeka. Dawa ni kupanga sakafu kabla ya gundi. Kwa upana wangu wa mita 1.6, ukihesabu na nafasi za grauti, tailizi tano nzima zingeacha kipande cha sentimita 8 upande mmoja tu. Nikaweka nne katikati na vipande vya sentimita 19 kila upande. Mashine ikavikata vyote, na mlangoni sakafu inaonekana imepangwa na mtu mwenye akili.

Kona ya ndani, ile ya umbo la L pembeni mwa fremu ya mlango, mashine haiwezi. Wala mduara wa choo. Hapo inaingia grainda, mashine ya umeme ya diski. Fundi aliyekuja kusawazisha plasta aliiona mashine yangu akasema, "Dada, hicho kidude cha maonyesho tu. Grainda inamaliza yote." Kweli inamaliza, lakini anayebaki na kingo zilizomeguka na nyumba nyeupe kwa vumbi ni wewe. Vumbi hilo lina silika, linaharibu mapafu. Tumia barakoa inayobana, miwani, na ukatie nje ukiupa upepo mgongo. Diski iwe ya almasi yenye ukingo mzima, siyo iliyochanjwachanjwa, ambayo inamegua rangi. Na usimwagie maji grainda ya umeme inayozunguka. Loweka tailizi kwanza, ifute, ndipo ukate.

Kwa mduara wa choo nilikata boksi la tailizi likawa patani ya kuchorea, nikalijaribisha mpaka likakaa, ndipo nikachora. Tundu la maji nililipangia liangukie pale kona nne zinapokutana, kwa hiyo kila tailizi ilimegwa kona tu. Kingo zote zilizokatwa nilizisugua kwa jiwe la kunolea, kwa sababu zinakata mguu kama wembe. Zile za vipande vya pembeni nikazielekeza ukutani, ambako tailizi za ukuta zinashuka na kuzifunika.

Gundi sina mengi ya kusema: mwiko wa meno, paka na mgongo wa tailizi pia, spesa (vipande vya plastiki vya kuacha nafasi) za milimita 3, pima maji mkononi wakati wote. Kesho yake gonga kila moja kwa mpini wa bisibisi. Inayolia kama debe tupu ing'oe kabla ya grauti.

Je, ningeinunua tena? Kwa sakafu moja tu, hapana. Ningekodi au ningeazima. Mimi nina jiko na baraza vinasubiri, kwa hiyo imejilipa. Nunua na kigurudumu cha akiba siku hiyohiyo, kwa sababu ndicho kinachokufa kwanza na si kila duka linauza cha saizi yake. Na kama roho yako imeshaangukia porselini za 60 kwa 60, acha hii dukani: kwa unene ule utavunja nyingi kuliko utakazolaza. Tafuta fundi mwenye mashine ya kukatia kwa maji, umlipe.