Kauntabuku ya kwaya mbili kama daftari la mtaji wa poka

Kwa mchezaji wa poka, mchezo wa karata wa kuwekeana fedha, anayetaka kujua mtaji wake umesimamaje, kauntabuku ya kawaida ya kwaya mbili yenye jalada gumu, inayopatikana katika maduka ya vifaa vya shule na ofisi katikati ya jiji la Mwanza, imenifaa kuliko programu za simu nilizozitumia kwa kazi hiyohiyo. Simu inayokuonyesha hasara ndiyo hiyohiyo iliyobeba fedha zako, na mtu aliyetoka kuliwa fedha mezani, hasira ikiwa bado moto, hahitaji zaidi ya namba yake ya siri ili arudi mezani na kodi ya nyumba. Daftari halina mlango huo.

Karatasi yake haipitishi wino wa kalamu ya kawaida upande wa pili, na ukurasa unatosha safu sita zilizopigwa kwa rula: tarehe, aina ya mchezo, fedha niliyoingia nayo, niliyotoka nayo, mtaji uliobaki, na hali ya moyo wakati wa kuondoka. Mgongo ndio dhaifu, kwa hiyo ni vyema kuubandika utepe mapema.

Juu ya ukurasa wa kwanza nimeandika kanuni aliyojiwekea Chris Ferguson, mchezaji wa poka wa Marekani, alipoanza bila senti hadi akafikisha dola 10,000: asiingie meza ya kawaida na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji, wala shindano kubwa na zaidi ya asilimia 2. Mwenye shilingi 1,000,000 haketi na zaidi ya 50,000, na mtaji ukishuka hadi 600,000, kikomo nacho hushuka hadi 30,000. Kushuka huko hadi meza ya dau dogo ndiko kunakowashinda wengi, kwa kuwa wanaona aibu, ilhali mfanyabiashara wa dagaa wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba hupunguza manunuzi siku za mbalamwezi, taa za wavuvi zinapokosa nguvu ya kuvuta dagaa, na hakuna anayemcheka.

Safu ya sita ndiyo yenye thamani kuliko zote. Jozi ya ree, iliyo kubwa kuliko zote, ikikutana na jozi ya mfalme kabla ya karata za mezani kufunguliwa, ree hushindwa takriban mara 18 katika 100, hivyo mtu anaweza kucheza sawasawa kabisa na bado akaliwa kila alichoweka. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba hasara huuma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyofurahisha, na ni maumivu hayo yanayomsukuma mchezaji kufukuzia fedha iliyokwenda. Kuandika kwa mkono, polepole, kwamba uamuzi ulikuwa sahihi ingawa fedha imepotea, hutuliza kweli. Na mtu akiona maneno “nataka kurudisha” yakijirudia ukurasa baada ya ukurasa, anatambua kwamba tatizo lake haliko kwenye karata.

Daftari halijumlishi lenyewe, na likipotea hesabu zote zimekwenda. Anayecheza kwa fedha ya mkopo halitamsaidia. Huyo aache kucheza kwanza. Kwa wengine, kwaya moja inamtosha anayecheza mara chache, kwaya nne ni nzito kubeba, na lenye mstari wa pambizo ni bora zaidi kwa sababu tarehe hukaa hapo vizuri.