Uzoefu wangu: mashine ya kuchomelea ya waya bila gesi, kwenye pikapu kuukuu na mikono isiyo na uzoefu

Sakafu ya upande wa dereva ndiyo iliyonifanya ninunue mashine hii. Nilitoa viti, nikabandua zulia pamoja na lile tabaka la lami lililo chini yake, nikaanza kugonga bati kwa mpini wa bisibisi. Penye bati zima palilia. Penye kutu palikuwa bubu, na karibu na kanyagio la klachi bisibisi ikapita moja kwa moja, mwanga ukaingia kutoka chini. Tundu lilianza dogo kama sarafu. Nilipomaliza kuifuata kutu hadi nikafika kwenye chuma kizima, lilikuwa linapitisha sahani.

Gari lenyewe ni Datsun 1200 ya miaka ya 1970, ile pikapu ndogo yenye injini ya A12 ya sentimita za ujazo 1171. Injini haikunisumbua sana. Ni ya silinda nne, kila kitu kinafikika kwa mkono, na ukiwa na seti ya spana na subira unaielewa. Bodi ndiyo iliyokuwa na kazi. Sikuwahi kushika mashine ya kuchomelea maishani mwangu, na nilitaka kulifufua gari hili kwa mikono yangu mwenyewe, nyumbani, chini ya paa lisilo na kuta.

Hilo la kukosa kuta ndilo lililoamua ninunue nini. Mashine ya vijiti nilishauriwa niiache, kwa sababu bati la bodi ya gari la zamani kwa kawaida lina unene wa milimita 0.8 hadi 1, na kijiti kikiligusa hulitoboa kabla mwanafunzi hajajua kilichotokea. Mashine ya waya na gesi ndiyo wanayoitumia mafundi wa bodi, ila gesi ile hukinga chuma kilichoyeyuka kwa kukifunika tu, na upepo mdogo unatosha kuipeperusha. Mshono unabaki na vitundu kama sifongo. Waya usiotumia gesi una unga wa flaksi ndani yake, katikati, kama wino ndani ya kalamu. Flaksi ikiungua inatoa gesi yake yenyewe na kuacha ganda juu ya mshono, kwa hiyo upepo wa kawaida hauisumbui. Nikachukua mashine ndogo ya inveta inayoweza kufanya kazi kwa njia zote mbili, na rola ya waya wa flaksi wa milimita 0.8.

Wiki ya kwanza nilikaribia kuirudisha. Nilikata vipande vya bati nijifunzie, nikawasha, na kilichotoka kilikuwa vurugu: cheche zinaruka hadi kwenye viatu, sauti ya kupasukapasuka, vidonge vya chuma vimeganda kila mahali, na katikati mshono uliolala juu ya bati kama nta bila kushika. Nilipunguza umeme, ukazidi kushindwa kushika. Niliongeza, bati likatoboka. Nilidhani ni mkono wangu. Siku tano nilifanya mazoezi ya mkono, asubuhi na jioni, nikijilaumu.

Mjomba wangu, aliyefanya kazi ya kuchomelea kwa miaka mingi, alikuja akasikiliza tu. Hakutazama hata mshono.

“Fungua huo mfuniko wa pembeni,” akaniambia.

“Kuna nini humo, mjomba?”

“Fungua kwanza, mwanangu. Hiyo sauti si ya mkono wako.”

Ndani, kando ya rola, kuna boliti mbili zenye alama ya chanya na hasi. Mashine ilikuwa imefungwa kwa ajili ya gesi: tochi, yaani mkono unaotoa waya, kwenye chanya, na athi, yaani waya unaobanwa kwenye bati linalochomelewa, kwenye hasi. Waya wa flaksi wa aina hii unataka kinyume chake, tochi kwenye hasi na athi kwenye chanya. Akabadilisha nyaya mbili kwa spana moja, akaniambia niendelee. Palepale sauti ikageuka, ikawa ya mfululizo, kama mafuta yanayokaanga taratibu, na mshono ukazama kwenye bati. Karatasi iliyokuja na mashine haikuwa na neno hata moja kuhusu jambo hilo, na hili bado linaniuma. Kifaa kinachouzwa kwa wanaoanza, kikiwa na rola ya waya wa flaksi ndani ya boksi lilelile, kilipaswa kuwa na mstari mmoja wa kumwambia mnunuzi abadilishe nyaya. Kwa hilo naipunguzia alama bila kusita.

Jambo jingine ambalo karatasi haikulisema ni rola ndogo inayosukuma waya. Waya mgumu wa gesi unapita kwenye mfereji laini, lakini waya wa flaksi ni mrija mwembamba, unapondeka, na unahitaji mfereji wenye meno madogo ya kuushika bila kuuminya. Ukikaza sana skrubu ya kubana, waya unabonyea, unakwama kwenye ncha ya tochi, na nyuma unajikunja kama kiota. Mimi nilikaza sana. Sasa nabana kiasi kwamba nikiuzuia waya kwa kipande cha mbao, rola inateleza badala ya kuukunja.

Nikifika kwenye sakafu yenyewe, nieleze jinsi inavyokwenda, maana hapa ndipo mashine ilinilipa.

Kiraka nilikikata kwa kufuata kielelezo cha boksi gumu, pembe zikiwa za mviringo, kwa sababu pembe kali hukusanya joto na baadaye hupasuka. Nikasugua kingo zote mbili, za kiraka na za sakafu, juu na chini, hadi ziling'ae upana wa vidole viwili. Rangi, kutu au lami ikibaki, mshono unachemka na kujaa vitundu. Nyuma ya mwanya nikabana kipande cha bomba la shaba nilichokibapa kwa nyundo. Chuma hakishiki kwenye shaba, na shaba inavuta joto, kwa hiyo pale ambapo bati lingetoboka linapata kitu cha kuegemea.

Halafu ni kushikiza, kama fundi cherehani anavyoshikiza nguo kabla ya kuishona. Nukta moja pembe hii, nukta moja pembe ya mbali, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto. Usipige mstari hata kidogo. Chuma kikipoa kinajikunyata na kuvuta bati, na mstari mmoja mrefu unatosha kuifanya sakafu iwe na mawimbi. Kila baada ya nukta chache nilipeleka mgongo wa mkono karibu na bati. Nikihisi joto, nasubiri. Kwa kila nukta nilibonyeza kifyatulio kwa muda wa kuhesabu moja, nikaachia, nikaangalia ule wekundu ukififia kutoka kingo kuelekea katikati.

Na hapa ndipo udhaifu wa waya wa flaksi unapoonekana. Kila nukta inabaki na ganda la kioo cheusi juu yake, na ukipiga nukta nyingine juu yake bila kuliondoa, ganda linafungiwa ndani ya mshono. Kwa hiyo ni nukta, nyundo, brashi ya waya, nukta, nyundo, brashi ya waya. Ncha ya waya nayo inabaki na kidonge kilichopoa, na ukianza tena bila kukikata cheche hazishiki vizuri. Nilikuwa na koleo mkono wa kushoto muda wote, nakata ncha kwa mshazari, nikiacha waya utokeze milimita 12 hadi 15 hivi. Kiraka cha ukubwa wa daftari kilinichukua mchana mzima. Fundi mwenye gesi angekimaliza kwa muda mfupi zaidi, kwa sababu waya wake hauachi ganda. Sikujuta, lakini ningependa kulijua hilo mapema.

Cheche nazo ni nyingi. Funika vioo vya gari kwa blanketi lisiloshika moto, kwa sababu kidonge kimoja kikiruka kwenye kioo kinazama na hakitoki tena. Kioo cha mlango wa kulia cha gari langu kina alama tatu za namna hiyo.

Moshi wa flaksi ni mzito kuliko wa gesi, ndiyo maana nafurahi kwamba sina kuta. Bati lililopakwa zinki lina hatari zaidi: ukilichoma bila kusugua zinki, moshi wake unaleta homa na baridi usiku. Kisha kuna jambo ambalo naomba kila anayeanza alisome mara mbili. Baadhi ya dawa za kupuliza za kusafishia breki zina klorini ndani yake. Ukisafishia bati kwa dawa hiyo kisha ukachomelea, joto na mwanga ule mkali vinaweza kuibadilisha mvuke wake kuwa fosjini, gesi ya sumu inayoweza kuua. Mimi natumia asetoni, naiacha ikauke kabisa, na kopo nalipeleka mbali kabla ya kuwasha. Tanki la mafuta nilikuwa nimelitoa garini tangu mwanzo, na waya wa betri nilichomoa kabla ya kila kazi. Nikimaliza, nakaa na ndoo ya maji nusu saa nikinusa, maana lami iliyojificha kwenye mikunjo ya bodi huwaka polepole bila moto kuonekana.

Kofia iliyokuja na mashine ni ya kushika kwa mkono, na kwa kazi ya nukta haifai hata kidogo, kwa sababu mkono mmoja unahitajika kwa koleo. Nilitafuta ya kuvaa kichwani yenye kioo kinachojitia giza chenyewe, nikakiweka kwenye giza namba 10. Siku moja nilipiga nukta mbili tu kwa kufumba macho. Usiku ule nililala macho yamejaa mchanga ambao haupo, machozi yanatiririka. Sijarudia.

Upande wa nguvu, mashine imenitosha. Imeandikwa kwamba kwa ampea 120 inafanya kazi asilimia 20, maana yake dakika mbili kati ya kila kumi, zinazobaki ipoe. Kwa anayechomelea vyuma vya mageti kutwa nzima hiyo ni kidogo. Kwa nukta za bati la gari, ambapo niko chini ya ampea 50 na muda mwingi nasubiri bati lipoe, haijawahi kuzima kwa joto hata mara moja. Kebo ya kurefusha iwe nene, angalau milimita za mraba 2.5, na uikunjue yote. Nilipoiacha imeviringwa kwenye kigurudumu chake ilipata joto la kushtua, na mashine ikawa inakohoa.

Baada ya sakafu nilijenga mabano mawili ya chesisi yanayoshika karai la nyuma, lile la kubebea mizigo. Hayo ni chuma cha milimita 3, na hapo waya wa flaksi ulionyesha raha yake. Unavuta tochi kuelekea kwako, polepole, ganda linajibandua lenyewe likipoa, na chini yake unakuta mshono uliopangika kama magamba ya samaki. Nilikaa nikiutazama mshono ule wa kwanza mzuri hadi giza likaingia.

Fenda ndiyo iliyonishinda. Ukingo wa juu ya gurudumu la mbele kushoto ulikuwa umeliwa, bati ni jembamba, na linaonekana na kila mtu. Mshono wa flaksi unakaa juu kama kilima, lazima uusage kwa grainda, na joto la grainda nalo linakunja bati. Nilijaribu mara mbili. Mara ya pili fenda ilijivuta ikaingia ndani, mkono ukipita juu yake unahisi bonde. Nikakata kiraka changu nikakitupa, nikakodi mtungi wa gesi ya mchanganyiko wa agoni na kabonidayoksaidi, nikarudisha zile nyaya mbili kama zilivyokuja, nikaweka rola ya kusukuma yenye mfereji laini na waya mgumu wa milimita 0.6, nikasubiri asubuhi isiyo na upepo na kuzungushia turubai. Mashine ileile ikafanya nukta ndogo, laini, bila ganda. Fenda ikashika umbo lake, na puti ya kusawazishia iliyohitajika ni nyembamba kama gamba la kitunguu.

Kwa hiyo kama wewe ni mgeni wa kazi hii na una pikapu inayokusubiri, mashine ya namna hii nunua, lakini angalia mambo mawili kabla ya kutoa pesa. La kwanza, itoe umeme wa mkondo mnyoofu (DC), kwa sababu baadhi ya zile za bei ya chini kabisa hutoa mkondo geu (AC), na kwenye bati jembamba zinakera. La pili, fungua mfuniko wa pembeni ukiwa palepale na uhakikishe kwamba nyaya za chanya na hasi zinabadilishika. Ile isiyobadilika, iliyofungwa kwa ajili ya waya wa flaksi tu, itakufaa kwa sakafu na chesisi, kisha itakuacha kwenye fenda. Kwa kazi ya sakafu, mabano na karai naipa nne kati ya tano. Kwa bodi ya nje ikitumia waya wa flaksi, mbili. Maelekezo yaliyokuja nayo sifuri.

Waya uliobaki nauhifadhi ndani ya mfuko uliofungwa, maana flaksi hunyonya unyevu. Upande wa abiria kuna kizingiti cha chini ya mlango kilichooza chote. Tayari nimefunga vyuma viwili vya kukaza ndani ya kebini ili mlango usipoteze nafasi yake nikikikata, na kielelezo cha boksi kiko mezani.