Walimpigia sengi makofi

Nimengoja siku kadhaa hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa.

Shangazi yangu halali tangu afiwe na mumewe. Eda imekwisha, lakini usiku bado anazunguka uani mpaka adhana ya alfajiri. Nikaambiwa kuna watu wanaongoza matembezi ya tiba ya msitu huko Arabuko-Sokoke, ukitoka Malindi unashukia Gede. Nikasoma: jina la jambo hili limetoka Japani mwaka 1982, shinrin-yoku, kuoga msitu. Huendi kuhesabu ndege wala kuwahi mahali. Mnatembea kipande kifupi tu kwa saa mbili au tatu, mnanusa, mnasikiliza, mnakaa chini ya mti mpaka mwili wenyewe utulie. Mwongozaji kazi yake ni kukufikisha hapo, kisha akae kando. Nikasema hii ndiyo dawa ya shangazi, nikalipa kwa M-Pesa siku ileile.

Sasa huyo mwongozaji! Tangu getini jicho liko kwenye saa. Shangazi ana goti bovu, anapiga hatua na kupumzika. "Mama, jikaze kidogo, kuna kundi jingine linangoja." Mjane amekuja kutulizwa, anaambiwa ajikaze! Nikameza mate.

Tulipoambiwa tuketi, shangazi alichagua shina la mbambakofi. Mara majani makavu yakachakarika, na hatua tatu hivi kutoka kwenye ukingo wa leso yake akatokea sengi, mnyama mdogo wa msituni, yule mwenye kiuno cha dhahabu, ambaye ulimwenguni kote hupatikana katika misitu michache tu ya pwani yetu. Miguu kama njiti. Pua ndefu inachokonoa majani, inasimama, inachokonoa tena. Mimi mzaliwa wa Malindi sikuwahi kumwona. Shangazi aliiacha tasbihi ikalala mapajani. Uso ule nilikuwa sijauona tangu msiba.

Pa! Pa! Makofi. "Haya jamani, muda umekwisha, tuinukeni." Sengi akachapa majani kwa mkia, akatoweka.

Wallahi nilitetemeka. Mtu anayeuza utulivu anawezaje kupiga makofi mahali pale? Hata kuku hafukuzwi hivyo mbele ya mgeni. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba ratiba ni ratiba. Nikaapa nitawaandikia watu wote wasiende.

Lakini kulikuwa na kijana Mgiriama aliyebeba chupa ya chai. Yeye hakuinuka. Alikaa chini kando ya shangazi, akammiminia chai, akamwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, hawa wana eneo lao, hawaendi mbali. Tungoje." Wakangoja. Sengi hakurudi, nao hawakujali. Kundi lilikuwa limefika getini zamani walipotokea wawili hao, kijana amemshika mkono, hatua kwa hatua.

Kwenye matatu shangazi alinilalia begani. Usingizi wa kweli, mdomo wazi. Nilimwomba makanga asigonge bodi, naye Mungu ambariki hakugonga mpaka tukafika stendi.

Kwa hiyo siwezi kusema msiende. Nendeni, ila ulizeni kwanza ni nani atakayewaongoza, na akiwa ni yule wa saa, dai pesa yako papo hapo. Mimi pesa siitaki. Namtaka yule kijana aongoze, na huyo mwingine apewe kazi ya getini. Jana shangazi ameniuliza tunarudi lini.