Waya ya sola: kabla uulize bei, angalia ganda

Aprili ilinyesha usiku kucha huku Utawala, Nairobi, asubuhi inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli kuwa stima ya nyumba, ikaanza kulia na kukataa kabisa umeme wa paneli. Fundi akapanda juu, akashuka na kipande cha waya urefu wa mkono wangu. Tuliinunua ikiwa nyekundu, sasa ilikuwa imepauka kama chaki ya pinki. Nikaikunja kwa vidole viwili tu ganda likapasuka, vipande vikaanguka sakafuni, na ndani shaba ilikuwa imeshika ukungu wa kijani. Hiyo waya ilikaa juu ya mabati miezi 19 tu.

Niliuziwa hiyo waya tao na mtu aliyeniangalia usoni akaniambia "madam, waya ni waya, hii ni 4mm safi kabisa." Unene hakudanganya, 4mm ni milimita mraba za shaba ya ndani. Lakini ilikuwa waya ya kawaida ya nyumba, ile ya kupita ndani ya ukuta, na mimi nilikuwa nimemwambia vizuri ni ya sola inaenda juu ya paa.

Kwa hivyo leo sitakaa sana kwa unene juu kila mtu anaanza hapo. Nitasema haraka tu. Mimi niko na paneli 4 za wati 450, zimefungwa kwa kufuatana, chanya ya hii kwa hasi ya ile, ni kama volti 164 na ampia 11. Kutoka paa hadi inveta ni mita 20, yaani 40 kwenda na kurudi, na kwa 4mm napoteza karibu volti 2. Hiyo si kitu. Sasa chukua hizo paneli 4 uzifunge chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, ampia zinafika 44 na unapoteza karibu volti 8 kati ya 41, alafu unalaumu paneli. Zifuatanishe kama inveta yako inakubali hizo volti, 4mm itakutosha, ama 6mm kama nyumba ni ya gorofa na inveta iko mbali.

Rudi kwa ganda. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na tuko karibu na ikweta, jua letu linachoma hata siku ya baridi, na ile hewa ya chini ya paneli saa saba mchana huwezi kuacha mkono. Ganda la waya ya nyumba ni PVC, limepimwa kwa joto la digrii 70, na halikutengenezwa kukaa juani. Waya halisi ya sola ina maganda mawili ya plastiki isiyoyeyuka ovyo, inavumilia digrii 90 ikifanya kazi kila siku, na ndani nyuzi za shaba zimepakwa bati ndio zisishike kutu. Sasa mbona hakuna muuzaji hata mmoja anakuambia hivyo? Wote wanauliza "unataka ya ngapi?"

Mpango wangu wa kuchagua waya, kuanzia ile nzuri zaidi, uko hivi.

Ya kwanza ni Lapp, ile ya Wajerumani inaitwa Ölflex Solar. Ukiipata chukua usiulize mara mbili. Naipenda wazi wazi na sifichi. Ganda lake ukilikunja linarudi, ukilikwaruza na kucha halitoi unga, na maandishi yake hayafutiki na mate. Ni ghali, najua, lakini mita 40 unanunua mara moja na paneli inakaa miaka 25.

Ya pili ni waya yoyote nyingine, hata ya Uchina, iliyoandikwa H1Z2Z2-K na EN 50618 kwenye ganda lenyewe. Kwenye ganda, sio kwenye karatasi ya roli. Hiyo ndiyo alama ya waya ya sola ya volti 1,500 za DC, yaani umeme unaoenda upande mmoja kama wa paneli. Ukikuta PV1-F, hiyo ni alama ya zamani kidogo lakini bado ni waya ya sola, usiogope.

Ya tatu ni waya ya nyumba, na hii ni ya ndani pekee, kutoka inveta kwenda kwa soketi na taa. Juu ya paa hapana, hata ndani ya paipu.

Zile za bei ya chini kabisa za nyuzi mbili za kuvuta redio, wacha.

Kuna jambo linachanganya watu wengi hapa. Chuna ganda kidogo uangalie nyuzi. Nyuzi za waya nzuri ni nyeupe kwa nje kwa sababu zimepakwa bati, ukiikwaruza na kisu inatokea nyekundu. Waya feki ni nyekundu kwa nje, ukiikwaruza inatokea nyeupe, hiyo ni aluminiamu imevishwa shaba na inapitisha umeme kidogo kuliko shaba yenyewe. Watu wengi wanakataa ile nzuri wakifikiri nyeupe ni aluminiamu, na muuzaji anawaona na ananyamaza tu.

Ukishanunua, ilinde. Waya isilale kwenye mabati, ifungwe kwenye reli chini ya paneli, na zile tai nyeupe za plastiki zinakatika na jua, tumia nyeusi ama vibanio vya chuma. Pale inapoingia ndani ya nyumba ndipo yangu ilikuwa imeliwa zaidi, ukingo wa bati ni kama wembe na upepo unaisugua mchana na usiku, kwa hivyo weka raba ama kipande cha paipu kwenye tundu, na uache waya ishuke chini kidogo kabla ipande kuingia ndio maji ya mvua yadondoke hapo nje. Ndani ya dari pitisha kwa paipu ngumu, panya wa huku hawana huruma. Konekta za MC4, zile plagi za kuunganisha waya za paneli, zote mbili zinazoumana ziwe za kampuni moja, na breka, ile swichi ya kukata umeme, iwe ya DC. Stima ya kawaida inashuka sifuri mara 100 kwa sekunde kwa hivyo cheche inajizima, ya paneli haishuki, cheche ikianza inaendelea kuchoma. Na fundi muulize leseni ya EPRA, ile mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati, kabla apande ngazi.

Sasa bei. Tofauti ya ile waya mbaya na nzuri ilikuwa shilingi 50 kwa mita. Kwa mita 40 ni 2,000. Kubadilisha nimelipa fundi siku mbili, nimenunua waya upya na konekta mpya, na tumekaa giza siku nne na watoto wana mtihani. Nikarudi kwa lile duka, yule jamaa akasema hanikumbuki.

Na hata waya mpya nilipoinunua kwa duka lingine, mita 40 nilizolipia zilikuwa 37. Waya nzuri ina namba za mita zimechapwa kwenye ganda, soma ya mwanzo na ya mwisho hapo hapo kaunta, toa moja kwa nyingine, na usitoe simu ya kulipa kabla hesabu ikubali.